Mnyama wa Tabora asisafiri akiwa bubu

Nauza asali Ng'ambo, mjini Tabora. Wateja wangu wengi ni wa hapa hapa: akina mama waliojifungua, wazee wenye kikohozi, makondakta wa mabasi wanaobeba ndoo kupeleka Dar es Salaam. Wachache wako mbali. Walipita Tabora miaka ya nyuma, wakanunua chupa mbili tatu, wakachukua namba yangu ya WhatsApp. Asali hawanunui tena, maana kuisafirisha chupa moja hadi kwao ni ghali kuliko ndoo nzima. Wanachotaka sasa ni picha.

Mmoja wao ni mwalimu mstaafu wa Australia aliyekuja kuona tembe la Livingstone pale Kwihara. Hunitumia vitu vya kwao: kangaruu waliolala kivulini chini ya kamba ya kuanikia nguo, ndege mwenye mdomo mkubwa ambaye kilio chake ni kicheko cha mtu mzima, mnyama mwenye miiba ya nungunungu lakini anayetaga mayai. Picha zake haziji hivi hivi. Kila moja ina maelezo: mti huo ni mti gani, mvua ilinyesha lini, kwa nini mwezi huu mnyama amesogea karibu na nyumba, wenyeji wa asili wa eneo lile wanamwitaje. Mwisho huwa na swali: na kwenu kuna nini?

Kwetu kuna mengi, na simu za kuyapiga picha tunazo. Kasoro iko kwenye namna tunavyoyatuma. Picha nyingi za wanyama zinazotoka Tabora zinatoka bubu: nyoka barabarani, komba juu ya mwembe, kakakuona mikononi mwa vijana, na chini yake vialama vya moto na neno "Bongo". Mgeni anaipokea, anashangaa, anaipeleka mbele akiwa ameitungia maelezo yake mwenyewe. Nasema hivi: anayemjua mnyama ndiye mwenye haki ya maneno ya kwanza, na maneno hayo yaende pamoja na picha. Kitu kimoja tu kibaki nyumbani, nacho ni mahali mnyama anapojificha.

Picha ikiwa bubu hupotosha hata pale ambapo hakuna mwenye nia mbaya. Chukua majani. Kila Septemba, vumbi likiwa bado limetanda na mvua haijaonja ardhi, mitundu na miyombo huchipua majani mapya mekundu, mengine yana rangi ya shaba. Ukisimama kwenye mwinuko njia ya Sikonge saa kumi na moja jioni, msitu mzima unawaka. Nimeona picha za namna hiyo zikipita kwa wageni, na jibu lao huwa lile lile: tunaona majani yenu yanajiandaa kupukutika, baridi inakuja. Kwao Ulaya jani jekundu linakufa. Kwetu linazaliwa, na litageuka kijani mvua za kwanza zikija. Sentensi moja ingetosha kumfundisha mgeni kitu ambacho hajakiona maisha yake yote: miti inayovaa nguo mpya kabla ya mvua, kwa maji iliyoyatafuta chini sana kwa mizizi yake. Asipoandikiwa sentensi hiyo, anaondoka na picha nzuri na elimu ya kinyume.

Sasa nyegere. Juni ni mwezi wa kurina, na mwaka jana nilifuatana na wafugaji nyuki hadi kambi yao upande wa Ipole, wilayani Sikonge. Aliyeniongoza ni mzee wa Kinyamwezi ambaye amekuwa akitundika mizinga tangu utoto wake. Asubuhi moja, baada ya salamu za kawaida za mwangaluka, akaniita niende nikaone. Chini ya mtundu mkubwa palikuwa na mzinga wa gome uliopasuka kwa urefu wake. Masega yalikuwa yametolewa nje, asali imeliwa pamoja na majana, nta imetafunwa na kutemwa kwenye majani makavu. Nyuki wachache walikuwa bado wanazunguka pale ulipokuwa mlango wao.

Mzee hakuutazama sana mzinga. Alinionyesha shina. Mikwaruzo ilianzia usawa wa goti ikapanda hadi kwenye tawi, mingine imechimba hadi gome la ndani lililo jekundu. Akaigusa kwa kidole mmoja mmoja. Hii mifupi iliyokaa kwa jozi, alisema, ni ya kupandia. Hii mirefu inayoteremka ni ya kushukia, amejiachia akateleza na shibe yake. Nikamwuliza kuhusu yale yanayosimuliwa, kwamba nyegere huwageuzia nyuki makalio akawatolea harufu mpaka walegee. Akacheka. Amesikia hayo tangu mtoto, kama alivyosikia kwamba mwanaume akikutana na nyegere aanze kuficha sehemu zake, lakini hajayaona. Alichokiona yeye ni nyegere aliyeumwa na nyuki mpaka akadondoka, akajikung'uta, akapanda tena.

Nikapiga picha ya mikwaruzo na ya mzinga. Jioni, tulipofika penye mtandao, nikamtumia yule mwalimu. Jibu likaja mara moja, limejaa furaha: nyegere! Mnyama asiyeogopa chochote! Kumbe kwao ni nyota, ana video za kuchekesha zilizotazamwa dunia nzima. Nikamsomea mzee. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, mwambie hiyo siyo picha ya nyegere. Hiyo ni picha ya hasara yangu."

Nikaandika hivyo hivyo, na mazungumzo yakabadilika. Mwalimu akauliza mzinga mmoja unampa mzee kiasi gani, anamzuiaje nyegere, kwa nini asimuue. Mzee akajibu yote nami nikiandika. Mizinga mingine anaining'iniza kwa waya mbali na shina, mingine ameizungushia bati shinani ili kucha ziteleze. Wapo majirani wanaotega sumu, yeye hataki, kwa sababu sumu haichagui: itamla nyegere, itamla mbweha, na tai atakayemla mbweha. Kutoka Australia likaja jibu ambalo sikulitegemea. Mwalimu akasema kwamba hata yule kangaruu wa kwenye kadi za posta, wafugaji wengi wa kwao wanamwona mla malisho ya ng'ombe na kondoo, na wanaomba kibali cha kumpunguza. Watu wawili wasioonana, kila mmoja na mnyama wake anayependwa na walio mbali na kuwatia hasara walio karibu. Mazungumzo hayo yalizaliwa na maneno ya mzee. Picha peke yake ilikuwa imeishia kwenye kicheko.

Msomaji anaweza kuuliza, nyegere na mikwaruzo vina uzito gani mbele ya simba wa Serengeti? Hapo ndipo penye deni letu sisi watu wa magharibi mwa Tanzania. Dunia imeifahamu Tanzania kupitia nyika wazi ya kaskazini, na picha zenyewe zimepigwa na kusimuliwa na wageni. Carl Georg Schillings, Mjerumani, alitega kamera usiku kandokando ya maji akamulika wanyama kwa unga wa magnesi, na kitabu chake cha mwaka 1905 kikawa gumzo Ulaya. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael wakaja na ndege yao iliyopakwa milia ya punda milia, na filamu yao ya Serengeti ya mwaka 1959 ikapata tuzo ya Oscar. Michael alikuwa ameshafariki, ndege yake ilianguka Januari ya mwaka huo huo. Siwalaumu. Serengeti ilipata watetezi kwa sababu ilionekana. Hata filamu ya Royal Tour ya Rais Samia ya mwaka 2022 ilijengwa juu ya ukweli huo huo: kinachoonekana ndicho kinachokumbukwa.

Misitu yetu ya miombo haionekani kirahisi. Huku huwezi kuegesha gari ukahesabu nyumbu elfu moja. Nyasi ni ndefu, miti ni mingi, wanyama ni wachache na waoga. Palahala dume, mweusi mwenye pembe zilizopinda hadi mgongoni, anakuona dakika kumi kabla hujamwona, na unachobaki nacho ni mtikisiko wa kichaka. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ilitangazwa mwaka 2019, na hadi leo ukiitaja mbele ya Mtanzania wa mjini atakuuliza iko mkoa gani. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ya kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, mwaka 2000. Wanaishi humo nzohe wanaojificha majini wakaacha pua tu nje, na yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana wa umbo la kiatu ambaye watazamaji wa ndege wa Ulaya hutoa pesa nyingi kwenda kumtafuta Uganda. Anaishi kwetu pia. Nani amewaambia?

Pori la namna hii haliwezi kuelezwa na mpita njia mwenye kamera kubwa. Anayeweza kulieleza ni yule anayelala humo: mrina asali, mvuvi wa Ugalla, askari wa wanyamapori wa kijiji, mchunga ng'ombe. Ndiyo maana nasema simu ya mrina asali ina thamani ambayo hatujaipima.

Tena Tabora yetu ina historia yake na wageni wanaotaka kujua. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo na kuendelea hadi Ujiji. Kabla yao na baada yao, mnyama wetu alikuwa akitoka kwa njia hiyo hiyo, ila alitoka kwa vipande. Kwanza ni meno ya tembo mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, miezi mitatu njiani hadi pwani. Mengi yalivuka bahari yakaishia viwanda vya Connecticut, Marekani, yakachongwa vibonyezo vya piano. Aliyepiga piano hiyo hakujua Tabora ni nini.

Kisha wakaja wakusanyaji. Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, alifika mwaka 1880 na wenzake, wakaweka kituo Kakoma, kusini mwa Tabora. Alikuwa kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu. Alikusanya ndege na wanyama, na ngozi zao zikapelekwa Berlin ndani ya masanduku. Hakurudi kwao: alifia Katanga mwaka 1884. Lakini jina lake limebaki kila mahali. Kuna keremkerem wa Böhm, ambaye Anton Reichenow wa Berlin alimpa jina hilo mwaka 1882. Kuna kadege kadogo ka kahawia, kifua cheupe chenye madoa meusi, kanakokaa kwenye tawi tupu na kudaka wadudu hewani: nako ni ka Böhm, kalipewa jina mwaka 1884. Punda milia wa kwetu naye ni wa Böhm, tangu 1892. Hata myombo wenyewe, mti ambao Wanyamwezi wamevua gome lake kutengeneza mizinga tangu mababu, kwa wataalamu unaitwa *Brachystegia boehmii*.

Sina ugomvi na marehemu. Aliipenda kazi yake, na bila yeye tungejua machache. Ninachotaka msomaji akione ni kilichokosekana kwenye masanduku yale. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mgeni, hakumpata ndege yule peke yake porini. Kuna mtu wa Kakoma aliyemwonyesha tawi, aliyejua ndege anakuja mwezi gani na anakula nini. Kuna mpagazi aliyebeba sanduku hadi pwani bila kulilowesha. Ngozi zilifika Berlin, ujuzi wao ukabaki Kakoma, na wao walipokufa ukafa nao.

Australia nako yalitokea yanayofanana na hayo. Mwishoni mwa karne ya 18 ngozi ya mnyama wao mwenye mdomo wa bata na mwili wa fisimaji ilipelekwa Uingereza. Mtaalamu George Shaw, aliyeandika habari zake mwaka 1799, alikiri kwamba alishuku pengine kuna mtu ameshona mdomo wa bata kwenye ngozi ya mnyama mwingine. Watu waliomfahamu mnyama yule vizuri walikuwa wenyeji wa asili waliokuwa wakimwona mitoni kila siku, lakini wao hawakuwa kwenye meza ya London. Ngozi ilifika bila mjuzi wake, ikadhaniwa ni ulaghai.

Leo kwa mara ya kwanza mnyama wa Tabora anaweza kwenda Berlin au Sydney na bado akabaki Tabora. Anaweza kwenda na maneno ya mzee wa Ipole, yakaandikwa siku hiyo hiyo. Tukipata nafasi kubwa hivyo kisha tukatuma picha na vialama vya moto, tutakuwa tumefanya kwa mikono yetu yale waliyofanya wenye masanduku.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza, nami naliheshimu: picha zinaleta majangili. Ni kweli. Kakakuona ndiye mfano mchungu. Kwa mila za wengi wetu, kakakuona akionekana ni habari ya kijiji kizima. Anapelekwa kwa wazee, anawekewa maji, nafaka, silaha, na wazee wanatazama anaelekea wapi ili wajue mwaka unaokuja ni wa mvua, wa njaa au wa vita. Kisha anarudishwa porini. Siku hizi kabla wazee hawajaitwa, vijana wamekwisha kumbeba na kupiga naye picha, na kabla ya jua kuzama picha imefika kwa watu wanaojua bei ya magamba yake. Biashara ya kimataifa ya kakakuona wote imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, uamuzi wa mwaka 2016, na sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimhurumii anayekutwa naye bila kibali. Wenye tamaa hawasomi sheria. Wanasoma maelezo ya picha: "Leo Sikonge, kijiji fulani, nyuma ya zahanati."

Dawa yake si kuacha kupiga picha. Dawa ni kujua cha kuficha. Australia yupo kasuku wa usiku ambaye kwa miaka mingi watu walidhani pengine ametoweka. Mwaka 2013 alipigwa picha Queensland. Picha ilitangazwa kwa furaha, mahali pakafichwa, na eneo likaja kununuliwa ili lilindwe. Dunia ilimjua kasuku, ila haikupewa ramani.

Sisi tufanye vivyo hivyo, na si kazi ngumu. Kwanza, zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu, maana simu nyingi huandika ndani ya picha ulisimama wapi. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, zinakwenda nayo. Pili, taja mkoa au ukanda, usitaje kijiji. Kuna programu za kukusanya kumbukumbu za viumbe, kama iNaturalist, ambazo kwa viumbe walio hatarini huficha mahali zenyewe, hivyo wataalamu wanapata wanachohitaji na majangili hawapati. Tatu, kakakuona usimbebe. Akijiviringisha ujue ana hofu, na picha ya mnyama mwenye hofu haina cha kufundisha. Mpige akiwa anatembea, kwa mbali, kisha toa taarifa kwa askari wa wanyamapori, na picha ikae wiki kadhaa kabla hujaionyesha kwa yeyote.

Pingamizi la pili nalisikia dukani kwangu: tunapata nini? Wageni wanafurahi, sisi tunabaki na vumbi letu. Sitamdanganya mtu kwamba picha ya komba italipa ada ya shule. Lakini tazama kinachotokea kwa pori lisilojulikana. Urambo, Kaliua na Sikonge ni nchi ya tumbaku, na mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni usiku na mchana msimu mzima. Anayekata mtundu kwa ajili ya bani anajua bei ya kilo ya tumbaku. Hajaambiwa bei ya mtundu uliosimama, wenye maua ya nyuki, tundu la komba na kivuli cha palahala. Wateja wangu wa mbali, tangu walipoanza kupata maelezo pamoja na picha, wanauliza asali imetoka msitu gani na nani anaulinda. Wanunuzi wakubwa wa nje nao wanauliza hivyo hivyo, na anayeweza kujibu kwa picha na maneno ana nguvu zaidi mezani kuliko anayesema tu "asali safi ya Tabora". Ninauza asali, hesabu hiyo naielewa.

Tena kuna haki ya mpigaji. Picha za watu wetu huokotwa mtandaoni zikawekwa kwenye kalenda na vipeperushi bila jina wala shukrani. Aliyepiga picha ana haki nayo kisheria, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili hiyo. Andika jina lako, na andika jina la aliyekuonyesha mnyama akikubali. Kama Böhm amebaki kwenye mti wa myombo zaidi ya miaka mia moja, mrina asali wa Ipole anastahili kubaki walau chini ya picha.

Nisiwasifu wageni kupita kiasi pia. Wapo wanaotaka tu mnyama wa kutisha, wakitumiwa kinyonga wanauliza simba yuko wapi. Lakini mwenye hamu ya kweli hukuuliza jambo ambalo hujawahi kujiuliza. Komba wanalia karibu na nyumba zetu usiku, watoto wanaogopa, na mtu akizidisha pombe tunasema amelewa kama komba. Mtu wa Uholanzi akaniuliza: kiangazi kinapokausha kila kitu, komba anakula nini? Sikuwa na jibu, nikampelekea yule mzee wa Ipole swali. Akanijibu bila kufikiri: utomvu. Komba hutembelea migunga usiku, analamba utomvu unaotoka kwenye majeraha ya gome, na mti ule ule anaurudia. Ujuzi huo ulikuwa kichwani mwa mzee miaka yote, na hakuna mjukuu wake aliyeuliza. Mgeni wa Rotterdam ndiye aliyeuliza.

Hilo linaniuma kuliko yote, na linanipeleka kwa wenye mamlaka ya mji huu. Tabora ina Chuo cha Ufugaji Nyuki. Ina shule kongwe zilizosomesha viongozi wa taifa, Mwalimu Nyerere akiwa mmoja wao. Ina tembe la Kwihara ambako wageni huoneshwa habari za Livingstone na Stanley, na wanaondoka bila kujua ni ndege gani waliokuwa wakiimba juu ya paa lile mwaka 1872. Ina stesheni ya reli iliyofikiwa na treni mwaka 1912, na sasa reli ya kisasa inajengwa kuja huku. Ukuta mmoja stesheni, ukuta mmoja Kwihara, ukuta mmoja kila shule, uwekwe picha za miombo zilizopigwa na watu wa Tabora: nyegere, komba, palahala, keremkerem, nzohe wa Malagarasi, majani mekundu ya Septemba. Chini ya kila picha pawe na jina la Kiswahili, jina la Kinyamwezi, na maneno ya mtu anayemjua mnyama huyo. Wanafunzi watumwe kwa babu na bibi zao kuyakusanya. Gharama yake ni ndogo, na wazee wanaoweza kujibu bado wako hai.

Hadi hapo wenye mamlaka watakapoamka, kazi iko mikononi mwa kila mwenye simu. Ukimwona mnyama ukampiga picha, tafuta kwanza anayemjua, mwulize anakula nini, anakuja lini, ana faida gani na ana hasara gani. Andika alivyosema, ondoa mahali, weka majina yenu, ndipo umtumie mgeni. Kama huna cha kuandika chini ya picha, bado hujamaliza kuipiga. Iache kwenye simu mpaka umpate wa kumwuliza.